Gari la Moshi Lisilo na Moshi



Wazee wetu walipoliona lile gari la Wajerumani likitoka ufukweni Dar es Salaam na kupanda vilima vya Pugu, hawakwenda kuuliza linaitwaje huko lilikotoka. Waliliita kwa kile walichokiona: gari la moshi. Injini za mvuke zilipostaafu zikaja za dizeli, na jina likabaki, kwa kuwa dizeli nayo ilikuwa na moshi wake. Lakini tangu tarehe 14 Juni 2024 lipo gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na tangu mwezi uliofuata kwenda Dodoma, ambalo halina moshi hata chembe. Watu hawajakubaliana waliiteje. Wapo wasemao treni ya umeme, wapo wasemao SGR kana kwamba ni jina la ukoo, na zile treni zenye pua ndefu, zilizoanza kubeba abiria Novemba 2024, zimekwisha kubatizwa mchongoko. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga jina hilo, na pengine ndiyo sababu limeshika.

Leo nataka tuizungumzie treni hii, lakini si kama msafiri anavyoizungumzia. Msafiri hupanda mara moja, akapiga picha, akarudi kuwasimulia jirani. Mimi nyumba yangu iko Kihonda, Morogoro, na kazi yangu iko Dar es Salaam. Siku tatu kila juma naondoka alfajiri na kurudi usiku. Miaka kumi iliyopita mtu akikwambia kwamba anaishi Morogoro na anafanya kazi Dar es Salaam kwa kwenda na kurudi, ungemuuliza kama hana homa. Leo tuko wengi. Tunajuana kwa sura, tunasalimiana kama watu wa mtaa mmoja, na kiti cha mtu asiyeonekana siku mbili huulizwa habari.

Kinachomshangaza mtu mara ya kwanza si mwendo, ni ukimya. Reli ya zamani iliungwa vipande kwa vipande, na kila gurudumu lilipopita kwenye kiungo lilipiga, ta-ta, ta-ta, hata usingizi wa abiria ukawa unafuata mdundo huo. Reli hii imechomelewa ikawa kitu kimoja kirefu, na injini hainguruki. Juzi mtoto mmoja aliyekaa mbele yangu alimuuliza mama yake tutaondoka saa ngapi, na wakati huo Kingolwira ilikuwa imekwisha kubaki nyuma. Mwendo wenyewe unafika kilomita 160 kwa saa, na safari ya Morogoro hadi Dar es Salaam huchukua chini ya saa mbili. Kwa basi, ukipita Chalinze na Mlandizi na kuikuta foleni ya Kibaha katika ubora wake, unaweza kutumia saa nne, tano, na ukafika ofisini unanuka dizeli ya lori uliloongozana nalo.

Sababu ya ukimya huo ni rahisi kueleza. Injini ya dizeli hubeba mtambo wake wa kufua umeme mgongoni, pamoja na mafuta ya kuuendesha, halafu umeme huo ndio unaozungusha magurudumu. Treni ya umeme imeuacha mtambo huo nyumbani. Juu ya reli umepita waya wenye nguvu ya kilovolti 25, na juu ya paa la injini uko mkono wa chuma unaouegemea waya huo na kunyonya. Ndiyo maana treni inaondoka kwa wepesi ule: haibebi tumbo la mafuta. Lakini ndiyo maana pia waya ukifa, nayo inakufa papo hapo, hata kama dereva ana nia njema kiasi gani.

Hapo ndipo historia inapoingia, ndugu msikilizaji. Tukumbuke miaka ya 1992 na 1994, maji yalipopungua katika bwawa la Mtera na nchi ikaingia katika mgawo. Mwaka 2006 ukaja tena, 2011 ukaja tena, na mwishoni mwa 2023 tulikuwa bado tunaulizana leo ni zamu ya mtaa gani. Katika miaka ile, mtu angesimama hadharani akasema treni zetu zitaendeshwa kwa umeme, wasikilizaji wangedhani ni mchezo wa kuigiza. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji uliwashwa Februari 2024, miezi minne kabla ya treni kubeba abiria wake wa kwanza. Bwawa hilo limejengwa lifue megawati 2,115. Treni nayo imejengewa njia yake ya umeme wa kilovolti 220 kutoka Kinyerezi hadi Kingolwira, ili isigombee waya mmoja na pasi zetu na majokofu yetu. Hata hivyo, mwaka ule ule wa 2024 treni ilipata kusimama njiani, na shirika la reli likatangaza kwamba ngedere na ndege ndio walioleta hitilafu kwenye nyaya. Watu walicheka sana. Mimi sikuona la kucheka. Ngedere alikuwapo Kilosa kabla ya waya.

Turudi nyuma zaidi. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka huo huo, Julai, vita vya Maji Maji vililipuka huko Umatumbi. Wakati watu wa kusini walikuwa wakifa kwa risasi na kwa njaa, chuma kilikuwa kinalazwa kuelekea magharibi. Mwaka 1907 reli ikafika Morogoro, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Haikujengwa ili mtu wa Morogoro awahi kazini. Ilijengwa ili mazao yashuke pwani yakaingie melini, na askari wapande bara upesi. Abiria alikuwa nyongeza.

Na reli ile ilipokuja, ilimnyang'anya mtu kazi. Kabla yake mizigo ya bara ilibebwa kichwani na mabegani, na mabingwa wa kazi hiyo walikuwa Wanyamwezi. Misafara yao ilitoka Tabora ikapita Morogoro ikaishia Bagamoyo, na Bagamoyo ikawa mji hasa. Reli haikupita Bagamoyo. Mizigo ikahamia Dar es Salaam, pagazi akakosa mzigo, na wengi wa Wanyamwezi wale wale wakaajiriwa kuitandika reli iliyowaondolea kazi. Hilo nalikumbuka kila nikikaa karibu na dirisha la treni ya umeme, na nitaeleza kwa nini.

Dirisha hilo halifunguki. Kioo ni kimoja, kizito, na ndani kuna hewa baridi. Mtu aliyesafiri kwa daraja la tatu la zamani anajua kwamba dirisha la treni halikuwa la kutazamia tu. Lilikuwa duka. Treni ya bara iliondoka Dar es Salaam jioni, na giza lilitukuta njiani. Nilipokuwa mtoto nilizijua stesheni kwa harufu kabla sijajua kusoma majina yake. Ruvu ilikuwa kambale wa kuchoma. Ngerengere ilikuwa mahindi. Morogoro ilikuwa machungwa na ndizi, na taa za koroboi zikitembea kando ya mabehewa kama vimulimuli, kila koroboi na mama yake chini, kila mama na bei yake. Ulitoa mkono na fedha, ukaingiza mkono na chakula, na chenji mara nyingine ilikimbizana na treni. Wapo watoto waliosomeshwa kwa dirisha lile. Zipo nyumba za bati zilizotokana na dirisha lile.

Treni ya umeme inasimama Ngerengere dakika chache, milango inafunguka kwa amri ya dereva, inafungwa kwa amri ya dereva, na mchuuzi haruhusiwi kulifikia behewa. Njia imezungushiwa uzio kwa sababu ya usalama, na usalama huo si maneno matupu: kitu kinachokuja kwa kilomita 160 kwa saa bila mlio hakimpi mbuzi nafasi ya kufikiri, wala mtoto. Nakubali. Lakini nikimwona mama na beseni lake nje ya uzio, akiitazama treni inavyopita kama mtu anayetazama ndege angani, nawakumbuka wale mapagazi. Ndani ya treni upo mgahawa, na chai yake nimeinywa. Ni chai. Sina zaidi la kusema juu yake.

Nisije nikaonekana mtu wa kuulilia uzamani. Reli ya zamani ilikuwa na machungu yake, na tusiyafunike kwa harufu ya kambale. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 tulibaki na shirika letu wenyewe, na mabehewa yakazidi kuchakaa. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma bila breki ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Yapo makabila ya msiba ambayo nchi huyasahau upesi mno, na huo ni mmoja. Baada ya hapo wengi wa waliokuwa na uwezo wa kulipa nauli ya basi waliipa treni kisogo. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa wabia kutoka India, ndoa ambayo haikudumu miaka mitano. Kwa hiyo ninapomwona mama mwenye mtoto mgongoni akilala usingizi kwenye treni ya alfajiri, mdomo wazi, bila wasiwasi, naona kitu ambacho fedha za kujengea reli peke yake hazikukinunua. Watu wameiamini tena treni.

Sasa, wenzetu walianza lini? Mji wa Bombay, ambao wakazi wengi wa Uhindini Dar es Salaam wana ndugu huko, ulipata treni yake ya kwanza ya umeme tarehe 3 Februari 1925, kutoka stesheni kuu ya Victoria hadi Kurla, umbali wa kilomita kama 16. Angalieni umbali huo. Ni kama kutoka Stesheni yetu hadi Gongo la Mboto. Wahindi hawakuanza na safari ya mbali, walianza na mtu anayekaa pembeni ya mji na kufanya kazi katikati ya mji, na treni zikawa zinafuatana kwa karibu kiasi kwamba anayekosa moja anangojea inayofuata bila kukaa chini. Mji wenyewe ukakua kwa kuzifuata stesheni.

Afrika Kusini ilipata treni za umeme za vitongoji vya Cape Town mwaka 1928. Huko somo lake ni chungu. Serikali ya ubaguzi ilipowahamisha Waafrika kutoka mijini na kuwapeleka mbali, kama Soweto, ni treni ya umeme iliyowezesha jambo hilo kufanyika. Bila treni, mfanyakazi asingeweza kulala mbali kiasi hicho na kuwa kiwandani asubuhi. Maana yake, ndugu msikilizaji, treni ya kwenda kazini inaweza kumsogeza mtu karibu na mji, na inaweza pia kutumika kumweka mtu mbali na mji. Treni yenyewe haichagui.

Na jirani zetu zaidi, Waswahili wa Katanga waliuona waya juu ya reli tangu mwaka 1952, kati ya Likasi na Tenke. Tena ni umeme wa aina ile ile tunayoitumia sisi leo, kilovolti 25. Lakini waya ule ulifungwa kwa ajili ya shaba.

Kwetu sisi limetokea jambo ambalo sidhani waliochora ramani walilikusudia. Rais Magufuli aliweka jiwe la msingi pale Pugu Aprili 2017, na kilichosemwa wakati huo kilikuwa mizigo: Rwanda, Burundi, Kongo, bandari. Ilipokamilika, na Rais Samia alipoizindua Agosti 2024, mizigo ilikuwa bado. Abiria ndio walioijaza kwanza. Na miongoni mwa abiria hao wakatokea watu kama mimi, ambao hawakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote: mwalimu anayefundisha Dar es Salaam na kulea mama yake Morogoro, fundi wa simu wa Kariakoo aliyechoka kodi ya Tandale, mwanafunzi wa chuo, mfanyabiashara wa mboga aliyegundua kwamba anaweza kwenda kuzungumza bei mwenyewe na kurudi kabla ya giza. Treni ya safari ndefu tumeigeuza kuwa treni ya kitongoji. Morogoro imekuwa kama Ubungo nyingine, na wenye viwanja Kihonda wameligundua jambo hilo kabla ya wapangaji.

Lakini tufanye hesabu, maana maneno matamu hayalipi nauli. Ilipoanza mwaka 2024, nauli ya kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa Sh 13,000. Kwenda na kurudi ni Sh 26,000. Mtu wa siku 22 za kazi kwa mwezi angehitaji Sh 572,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kikafika Sh 500,000. Kwa hiyo mtumishi wa kima cha chini angeweza kufanya kazi mwezi mzima, akaukabidhi mshahara wote dirishani, na bado akadaiwa. Sisi tunaomudu ama tunakwenda siku chache, ama tunalipwa zaidi, ama, na hao nawafahamu, tunakula mara moja kwa siku ili tulale kwetu.

Na yule wa Chanika? Yule wa Gongo la Mboto, wa Pugu Kajiungeni? Yeye ndiye aliye sawa na mtu wa Kurla mwaka 1925. Amepitiwa na mengi: mabasi ya UDA tangu 1974, chai maharage, daladala zilizoruhusiwa mwaka 1983, na Oktoba 2012 treni ya mjini ambayo wananchi waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, treni ya Mwakyembe. Ile ilianzia Ubungo, na mwaka 2016 nyingine ikaanza kwenda Pugu, zote zikivutwa na dizeli juu ya reli ya Mjerumani. Zilijaa tangu siku ya kwanza, maana watu wa mji huu hawahitaji kufundishwa faida ya treni. Mchongoko nao unapita karibu kabisa na nyumba za watu hao, na stesheni ya Pugu ipo, nzuri, ya kisasa. Lakini treni chache kwa siku, tena za kukatia tiketi kwa kitambulisho na kupitisha mkoba kwenye mashine kama uwanja wa ndege, si treni ya mtu wa kilomita 19. Mtu huyo anataka kufika stesheni na chenji mkononi, aone treni, apande. Mimi wa Morogoro natumia chini ya saa mbili. Yeye wa Chanika, siku ya mvua, hutumia zaidi ya hizo ndani ya daladala, amesimama. Kuna alfajiri ninapoziona taa za daladala zimepangana barabarani kuanzia Pugu, nami napita juu yake nimekaa kwenye kiti laini, na ninajisikia kama mtu aliyeruka foleni.

Waya upo tayari juu ya njia hiyo. Treni za mchongoko zilizonunuliwa Korea ni kumi, na sifa yake kubwa ni kuwa mitambo yake imegawanywa chini ya mabehewa, haina haja ya injini kuzungushwa ikifika mwisho wa njia. Dereva anatembea tu hadi upande wa pili. Zimeumbwa hasa kwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mbili tu kati ya hizo zikiachiwa Pugu na Stesheni, asubuhi na jioni, kwa nauli inayolingana na daladala, mji ungeona tofauti ndani ya juma moja.

Ninaisema haraka haraka kwa sababu nafasi inaanza kubana. Mwaka 2025 bandari kavu ya Kwala ilifunguliwa, na treni za mizigo zikaanza kuitumia reli hii ya umeme. Ni jambo jema, na ndilo lililokopewa fedha. Lakini reli yenyewe ni njia moja, yenye sehemu za kupishana. Treni mbili zikikutana, moja lazima ikae kando ingoje. Katika reli ya zamani tulilijua jibu lake: abiria tuliwahi kukaa njiani tukihesabu mabehewa ya wenzetu yakipita, hamsini, sitini, na machungwa yakatuishia. Ningependa ratiba iseme tangu sasa, kwa maandishi, kwamba asubuhi na jioni anayengoja pale Soga ni kontena. Shaba ya Kongo imekaa ardhini miaka mingi, nusu saa haiidhuru. Wala hakuna msimamizi anayeisubiri mlangoni saa moja na nusu asubuhi, na daftari la mahudhurio mkononi.